Niliikemea roho ya ulafi kwa mtu aliyekuwa amefunga siku tatu



Leo sijaleta neno la kukufanya urukeruke. Nimeleta jambo ambalo nimelibeba kifuani muda mrefu, na kabla ya kuliandika nilienda kuomba ruhusa kwa mwenyewe. Ruhusa nilipewa, lakini kwa sharti moja. Nitakutajia sharti hilo mbele kidogo, maana linaniaibisha.

Kwa wale mnaonisoma mara ya kwanza na kuniuliza kama nimehamia Marekani: Dallas ninayohudumu ni mtaa wa hapa Embu mjini, mabati kwa mabati. Hakuna ndege inayotua hapa. Zinazotua ni boda boda.

Sasa turudi nyuma miaka mitatu. Kanisa lilikuwa limeingia maombi ya kufunga, Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, maji tu, na tulikubaliana kufungua pamoja Jumapili baada ya ibada. Jumapili hiyo ibada ilikuwa ya moto. Wewe uliyekuwepo unakumbuka. Nikaita wenye haja waje madhabahuni, na dada mmoja akatoka kiti cha nyuma, akaja polepole, akishika viti vya watu njiani.

Ni mwanamke mnene. Sitazunguka neno hilo, kwa sababu yeye mwenyewe aliniambia halimsumbui. Yanayomsumbua ni yale mengine tunayoyapachika juu yake.

Nikamuuliza haja yake ni nini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Magoti, Pasta." Yanamuuma, hasa jioni akitoka sokoni na mzigo. Alinong'ona. Mimi ndiye niliyekuwa na maikrofoni.

Mpendwa, mtu amekuja na magoti. Ningeombea magoti, akaenda zake. Lakini nilimtazama, nikaona mwili wake, nikaamua kwamba ninajua asichokijua kuhusu maisha yake. Nikaweka mkono kichwani pake, nikaikemea roho ya ulafi. Nikaiamuru itoke, kwa maikrofoni, mara tatu. Kanisa likalipuka kwa Amina. Nikanogewa. Nikaongeza kwamba Bwana atamshughulikia mpaka kiti kimoja kimtoshe, na hapo vijana wa nyuma wakaangua kicheko, na wazee wa mbele nao wakacheka, na mimi nikacheka pamoja nao.

Yeye akatabasamu. Akarudi kiti chake, safari hii bila kushika viti vya watu.

Jumapili iliyofuata hakuja. Nikasema pengine amesafiri. Mwezi wa pili nikasema ameudhika na ukweli. Hiyo ni lugha yetu sisi wachungaji, nawaambia leo waziwazi: tukimuumiza mtu na akaondoka, tunasema ameudhika na ukweli. Ikapita miezi minane. Kila nikimkumbuka najiambia nitampigia simu. Mama Mchungaji ndiye aliyechoka nami. Alinitoa nyumbani Jumanne moja mchana, akanipa kilo ya sukari na majani chai ya kubeba, akasema nisirudi kabla sijafika kwa yule dada.

Alinikaribisha vizuri. Hilo pia liliniumiza. Akachemsha chai, akanimiminia kikombe, yeye hakunywa. Tukaongea habari za mvua na bei ya unga. Halafu akaniambia, bila hasira, kama mtu anayekukumbusha deni dogo: "Pasta, ile Jumapili nilikuwa sijatia kitu mdomoni tangu Jumatano usiku. Ulinipanga wewe mwenyewe zamu ya maombi, ya saa tisa usiku."

Na ni kweli. Orodha ya zamu niliiandika kwa mkono wangu.

Niliikemea roho ya ulafi kwa mtu aliyekuwa na njaa ya siku tatu mbele za Mungu. Na sharti lake ni hili, alisema nikiandika habari hii niandike na hiyo nayo: Ijumaa ya maombi yale alipita kwetu kuchukua ufunguo wa kanisa, akanikuta jikoni na kikombe cha uji. Hakumwambia mtu. Basi, nimeandika. Ulikuwa uji wa wimbi, na ulikuwa na sukari. Mimi nina mwili mwembamba, wapendwa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniwekea mkono kichwani.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza, na yeye akaanza kusema. Nakusimulia machache tu.

Safari ya kutoka Embu hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 100. Makanga alimwambia hapandi mpaka alipe viti viwili. Akalipa viwili, kwa sababu alikuwa anaenda mazishi na hakuwa na muda wa kubishana. Walipofika njiani wakapakia mtu mwingine kwenye kile kiti chake cha pili. Aliposema amekilipia, gari zima likacheka. Gari zima, na ndani yake nina hakika kulikuwa na mtu aliyeokoka.

Alienda kituo kimoja cha afya, hakukitaja na mimi sikukiuliza, akiwa na kikohozi kisichokwisha. Aliyemhudumia hakumwekea chombo kifuani. Alimwambia apunguze chapati. Kikohozi, wapendwa! Siku hiyo hiyo kile kitambaa cha kupimia presha kilikataa kuzunguka mkono wake, na mhudumu akawaita wenzake waje waone. Alirudi nyumbani na kikohozi chake na akakaa nacho wiki tatu kabla ya kupata mahali pengine walipomsikiliza. Tangu hapo, aliniambia, akiumwa anangoja kwanza aone kama itaisha yenyewe.

Kwenye arusi moja kiti cha plastiki kilivunjika naye. Si habari ya ajabu, viti vile huvunjika na watu wa kila aina, mimi kimoja kimenivunjikia. Lakini mimi kilipovunjika watu walilaumu kiti.

Na la mwisho alilisema akitazama mlango. Binti yake wa kidato cha pili alimwambia siku ya mkutano wa wazazi, "Mum, mwambie cucu aende." Cucu ana miaka zaidi ya sabini na haoni vizuri. Mama akaelewa. Akamtuma cucu.

Ndugu yangu, dada yangu, nataka usome hapo tena kabla hujaendelea.

Sasa usidhani watu wetu wamekuwa hivi siku zote. Sisi tuliokua huku chini ya Mlima Kenya tunajua salamu ya "umenona" ilikuwa sifa. Maana yake mvua imekunyeshea, ng'ombe ana maziwa, mume au mke anakutunza. Halafu ukaja Ukimwi. Jirani zetu wa Uganda miaka ya 1980 waliupa ugonjwa ule jina la "slim", kwa jinsi ulivyokuwa unamkausha mtu. Miaka hiyo hapa kwetu mtu akikonda, majirani wananong'ona. Dada huyu alinieleza kwamba mwaka alioachwa mjane alipungua sana, kwa uchungu na kukosa usingizi, na watu wa Mungu wakaanza kuuliza marehemu alikufa na nini. Akakonda akasemwa. Akanenepa akasemwa. Akaniuliza, "Pasta, ni uzito gani ambao ningekuwa nao mkaniacha?"

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Na tuseme ukweli mwingine. Mwanaume akiwa na tumbo, hasa akiwa na koti na gari, tunasema mtumishi amebarikiwa. Nimekaa kwenye makongamano, nimeona vitambi vikitambulishwa kwa heshima zote na kupewa viti vya sofa. Hakuna aliyekemea kitu. Roho ya ulafi tunaitafuta kwa akina mama wanaouza mboga.

Katika kanisa letu kuna dada muuguzi. Baada ya siku ile nilimwendea, nikamwambia anifundishe, kwa sababu nilikuwa nahubiri juu ya mwili bila kuujua. Alinifundisha jioni tatu, na sikuelewa yote. Niliyoyaelewa ni haya.

Mwaka wa 1986 watafiti walichapisha habari za watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa. Walitaka kujua, je, mtu huwa na mwili wa aliyemlisha au wa aliyemzaa? Miili yao ilifuata ya waliowazaa. Na wale waliowalea, waliopika chakula walichokula tangu utotoni, hawakuonyesha kufanana nao kwa unene. Hiyo haimaanishi chakula hakina kazi. Inamaanisha kwamba watu wawili wanaweza kula sahani moja, meza moja, miaka ishirini, na mmoja akawa kama mimi na mwingine akawa kama yule dada. Nilikuwa nimeuita wembamba wangu kiasi, tunda la Roho. Kumbe ni wa baba yangu. Marehemu alikuwa kama fito.

Akanieleza pia kwamba mtu akipunguza uzito, mwili wake haufurahi. Unadhani njaa imeingia nchini. Unaongeza hamu ya kula na kupunguza matumizi, ili urudi pale ulipokuwa. Kuna dawa zinazoongeza uzito, nyingine za akili, nyingine za kisukari, nyingine za pumu na viungo zikitumiwa muda mrefu. Kukosa usingizi nako kunachangia. Na ndiyo, kuna kula kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linauita unene wa kiwango hicho ugonjwa sugu, wenye sababu nyingi, na linasema mwaka wa 2022 mtu mmoja kati ya kila wanane duniani alikuwa nao.

Akaniongezea na habari ya kile kitambaa cha presha: kikiwa kidogo kwa mkono mkubwa, kinaweza kusoma presha juu kuliko ilivyo. Kwa hiyo pengine hata presha waliyomwandikia yule dada siku ile haikuwa yake.

Hapa Kenya utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2014 ulipata kwamba asilimia 33 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi. Ule wa 2022 ukapata kwamba kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49 ni zaidi ya wanne kati ya kila kumi. Kwa miaka minane! Je, wanawake wa Kenya wameingiwa na pepo kwa miaka minane? Tembea Dallas jioni ukiwa umetoka kibarua, una shilingi mia na watoto watatu. Angalia ni nini kinashibisha kwa mia. Chapati. Mandazi. Chips. Unga, mafuta na sukari ya chai. Matunda unayaona, unayapita. Uwanja wa kukimbia uko mjini, lakini mama anayerudi saa mbili usiku na giza hilo, akakimbilie wapi?

Sisemi uzito hauna madhara. Magoti yale yanauma kweli. Kisukari kipo, presha ipo, na nimezika watu. Ukiwa na uzito unaokusumbua, nenda hospitali, ukatazamwe, na ukipata pa kutembea tembea. Lakini muuguzi wetu aliniambia jambo ambalo nimelithibitisha kwa macho: aibu haimpunguzi mtu. Wanaochekwa huishia kukwepa hospitali, kukwepa barabara ambapo wangetembea, na wengi huongezeka. Kwa hiyo kile kicheko chetu cha Jumapili, hata tukikihesabu kama dawa, ni dawa inayozidisha ugonjwa.

Nilirudi kwa Neno nikiwa nimeinamisha kichwa. Sisi wahubiri tunampenda sana Egloni, yule mfalme wa Moabu katika Waamuzi 3. Nimemhubiri mara nyingi na kila mara watu wanacheka, kwa sababu Biblia inasema alikuwa mnene sana. Isome tena. Kosa lake ni kuwakandamiza Israeli miaka kumi na minane. Unene umetajwa, haukushtakiwa. Aliyeushtaki ni mimi.

Halafu nenda Mithali 11:25, uone Biblia yetu ya Kiswahili inatumia neno gani kueleza baraka ya mtu mkarimu. Ni neno la kunenepa. Nimelisoma miaka yote hii, na nikalipita kama gari linavyopita kituo kisicho na abiria.

Kisha kuna Yohana 9. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, na swali lao la kwanza ni nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Mtu yuko pale, anawasikia! Hakuwa na shida ya masikio. Na Yesu hakuwapa jina la mwenye dhambi.

Lakini lililonivunja ni Mathayo 11:19. Watu walimtazama Bwana wetu akila na watu, wakamsema kwamba ni mlafi. Soma mwenyewe. Neno lile nililolipigia kelele kwa maikrofoni lilishawahi kurushwa kwa Yesu, na lilirushwa na watu wa dini, waliokuwa wakimtazama sahani.

Mimi nilikuwa nimesimama upande wa akina nani siku ile?

Nikaenda kwake mara ya pili, nikamwomba msamaha. Alinisamehe haraka kuliko nilivyotaka. Kisha akasema, "Lakini Pasta, uliniombea kwa maikrofoni na unaniomba msamaha jikoni." Nikaelewa. Jumapili iliyofuata nilisimama mimbarini nikasema yote, bila jina lake, na uji nikausema. Wengine wenu mlicheka kuhusu uji na mkanyamaza kuhusu yaliyobaki. Niliwaona.

Kutoka hapo kuna mambo tumebadilisha, madogo tu. Fundi wa hapa mtaani ametutengenezea mabenchi manne ya mbao, mazito, ya miguu minene, na hatukuyaandika ni ya nani. Yeyote anakaa. Yakobo sura ya pili anauliza kanisa kuhusu viti, nani anaonyeshwa pazuri na nani anaambiwa asimame kule, na mimi siku zote nilidhani ni habari ya matajiri na maskini peke yake. Kwenye ibada ya harusi hakuna tena utani wa nguo ya bibi harusi kutomtosha. Kwaya iliacha kushona sare za saizi tatu tu, kwa sababu kuna sauti ya pili nzuri sana tuliyokuwa tumeiweka nje kwa ajili ya kitambaa. Vijana, lile jina mlilokuwa mnamwita mwenzenu wa ngoma, nilishawaambia, na ninyi mnajua nalisema lipi.

Dada yetu bado hajarudi rasmi. Nisikudanganye nimalize na ushuhuda mtamu. Anashiriki mahali pengine, karibu na barabara kuu, na anasema wanamwombea vizuri. Lakini Jumapili mbili zilizopita alikuja, akachelewa makusudi, akakaa benchi la karibu na mlango. Binti yake alikuwa naye, ameketi ubavuni pake. Magoti yanamuuma bado. Aliniruhusu niyaombee, tukaomba kwa sauti ya chini, maikrofoni nikiwa nimemwachia mzee wa kanisa.

Kama umemtambua, nakusihi kwa jina la Yesu, usiandike jina lake hapa chini. Andika Amina tu, au usiandike kitu. Na kama wewe ndiye uliyeacha kuja kanisani, kwangu au kwa mchungaji mwingine, kwa sababu ya neno kuhusu mwili wako, nitumie ujumbe faraghani. Sitakuuliza unapima kilo ngapi.

Ibada ya kwanza Jumapili hii ni saa mbili asubuhi. Mabenchi yako pande zote mbili, mawili karibu na mlango. Ukimkuta ameketi, msalimie kwa jina, muulize biashara inaendeleaje. Usimwambie amepungua.